Dawa za kupanua mishipa: Je, zaweza kurudisha kumbukumbu ya mzee?

CHUKULIA mzee wa umri wa miaka 76, mstaafu wa shirika la reli, anayeishi viungani mwa mji wa Voi. Alfajiri moja anaamka, anavaa koti lake kuukuu na kushika njia ya kuelekea stesheni ya zamani, akilalamika kwamba amechelewa kazini. Zamu anayoikimbilia ilikwisha miaka 20 na ushei iliyopita. Wanawe wanampata saa tatu baadaye kando ya barabara kuu ya Mombasa-Nairobi, viatu mkononi.

Kila mkazi wa Voi anafahamu kilichokuwa kinamsubiri. Upande mmoja ni malori yasiyolala usiku wala mchana, na upande wa pili ni mbuga ya Tsavo, ambako ndovu huvuka na kuingia vijijini giza linapotanda.

Jioni ya siku hiyo jamaa wanakaa kikao. Mmoja anasema huo ni uzee tu na uzee hauna dawa. Wa pili ananong'ona kuwa huenda pana mkono wa mtu. Wa tatu, aliyewasili kutoka Mombasa, anatoa pakiti ya vidonge mfukoni. "Hivi vinafungua mishipa ya ubongo," anawaambia. "Damu ikifika kichwani, Baba atakumbuka." Bei ya vidonge vya mwezi mmoja inazidi Sh2,000 ambazo mzee hupata kila mwezi kupitia mpango wa serikali wa Inua Jamii.

Je, familia hiyo itoe pesa? Swali hilo linaulizwa katika nyumba nyingi, kutoka Sagalla na Kasigau hadi Wundanyi, Mwatate na Taveta. Ili kulijibu, yafaa kueleza dawa hizo hufanya nini mwilini, zimepimwa vipi na majaribio yamegundua nini.

Dimenshia ni nini?

Dimenshia ni jina la kundi la maradhi yanayoharibu ubongo hatua kwa hatua. Mgonjwa hupoteza kumbukumbu, hukosa maneno, hupotea njia aliyoizoea na mwishowe hushindwa kuoga au kujilisha bila msaada. Si sehemu ya kawaida ya uzee. Mzee kusahau alikoweka miwani ni jambo moja, kusahau miwani ni ya nini ni jambo lingine.

Aina mbili ndizo zinazoongoza. Ya kwanza ni maradhi ya Alzheimer, yaliyopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyemweleza mgonjwa wake wa kwanza mnamo 1906. Hapa protini zisizo za kawaida hurundikana ndani ya ubongo na chembe za neva hufa. Aina ya pili hutokana na madhara ya mishipa ya damu, hasa viharusi, vikiwemo vile vidogo ambavyo mgonjwa huenda hakuvihisi vilipotokea. Wagonjwa wengi wakongwe wana aina zote mbili kwa pamoja.

Tofauti hiyo ni muhimu. Dawa inayolenga mishipa haiwezi kutarajiwa kuondoa protini zilizorundikana, na hakuna dawa inayofufua sehemu ya ubongo ambayo tayari imekufa kwa kukosa damu.

Wazo lilianzia wapi?

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, madaktari wengi duniani waliamini kuwa akili za wazee hufifia kwa sababu mishipa ya ubongo imekuwa migumu na myembamba. Kutokana na imani hiyo, tiba ilionekana kuwa dhahiri: tafuta dawa inayopanua mishipa, damu ipite kwa wingi na akili irejee. Kampuni za dawa zilitengeneza vidonge vya aina nyingi kwa lengo hilo.

Imani hiyo ilianza kutikisika mnamo 1968, wataalamu wa Newcastle, Uingereza, walipochunguza bongo za wazee waliofariki wakiwa na dimenshia. Waligundua kwamba wengi wao walikuwa na alama zilezile alizoeleza Alzheimer. Mnamo 1974, daktari Vladimir Hachinski na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kuwa hata pale mishipa inapokuwa chanzo, kinachoharibu ubongo ni viharusi vinavyofuatana, wala si wembamba wa mishipa peke yake.

Hata hivyo, dawa hazikutoweka madukani kwa sababu nadharia imebadilika.

Bomba pana, mtungi mtupu

Kwa nini kupanua mishipa kusisaidie? Wakazi wa Taita Taveta wana mfano wa karibu. Tangu miaka ya 1950, maji ya chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, yamekuwa yakisafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Wenyeji wanajua vyema kwamba maji mengi kupita katika kaunti yao hayamaanishi kuwa mtungi wa kila nyumba umejaa.

Ubongo nao ni hivyo. Mishipa iliyo katika sehemu iliyojeruhiwa mara nyingi huwa imekwisha kutanuka kadiri inavyoweza, ikijaribu kuvuta damu zaidi. Mgonjwa anapomeza dawa, mishipa inayoitikia ni ile yenye afya. Damu inaweza kuelekea huko zaidi na kuiacha sehemu yenye shida na upungufu uleule, au hata kuuongeza.

Aidha, kidonge hakichagui ubongo pekee. Hupanua mishipa ya mwili mzima, na shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla mzee anaposimama. Atapata kizunguzungu na kuanguka. Kwa mtu wa miaka 76, kuvunjika nyonga kunaweza kuwa mwanzo wa safari ya kitandani.

Zaidi ya hayo, katika maradhi ya Alzheimer damu hupungua katika sehemu fulani za ubongo kwa kiasi fulani kwa sababu chembe zilizokuwa zikiihitaji zimekufa. Kuongeza maji katika shamba ambalo mimea imekauka hakuleti mavuno.

Mizani ya majaribio

Hoja huweza kuvutia na bado ikawa na kasoro. Ndiyo maana wanasayansi hupima dawa kwa kuwagawa wagonjwa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja hupewa dawa, lingine hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hajui amepewa kipi, wala daktari anayempima. Bila utaratibu huo, matumaini ya familia na siku nzuri ambazo kila mgonjwa huwa nazo zinaweza kuonekana kama kazi ya dawa.

Mfano wa kwanza ni Hydergine, dawa ya kampuni ya Sandoz ya Uswisi iliyotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka. Kwa miaka mingi iliandikiwa wazee wenye matatizo ya kumbukumbu. Mnamo 1990, matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 80 wa Alzheimer nchini Marekani kwa wiki 24 yalichapishwa. Waliotumia dawa hawakupata nafuu kuliko wale wengine, na katika baadhi ya vipimo walifanya vibaya zaidi. Mnamo 2013, shirika la Ulaya linalosimamia dawa lilipendekeza kwamba Hydergine na dawa za jamii yake, ikiwemo nisergolini, zisitumiwe tena kwa matatizo ya kumbukumbu. Sababu ilikuwa kwamba madhara yake, miongoni mwayo kukakamaa kwa tishu za moyo na mapafu, yalizidi faida.

Mfano wa pili ndio unaofundisha zaidi. Nilvadipini ni dawa ya shinikizo la damu inayotanua mishipa. Ilijaribiwa katika nchi 9 za Ulaya kwa wagonjwa 511 wa Alzheimer, kwa muda wa miezi 18, na matokeo yakatolewa 2018. Kwa jumla, haikupunguza kasi ya ugonjwa. Mwaka uliofuata, watafiti waliowapiga picha za ubongo wagonjwa 44 miongoni mwao waliripoti kwamba dawa hiyo ilikuwa imeongeza damu kwa takriban asilimia 20 katika sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu.

Msomaji na atulie kidogo hapo. Dawa ilifanya kile ilichoahidi, kwani damu iliongezeka mahali hasa palipotakiwa. Hata hivyo, waliomeza dawa hawakuhifadhi kumbukumbu kuliko waliomeza kidonge kitupu. Kwa hivyo anayeuza dawa kwa kusema kuwa "inaongeza damu kichwani" huenda asiwe anadanganya, ila bado hajajibu swali la familia.

Vipi kuhusu ile dawa ya wanaume?

Katika miaka ya karibuni, vichwa vya habari vimeitaja sildenafili, dawa inayojulikana zaidi kwa kusaidia nguvu za kiume, kuwa kinga ya Alzheimer. Nayo pia hupanua mishipa.

Mnamo 2021, watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walipitia rekodi za bima za zaidi ya watu milioni 7 na kuripoti kuwa waliotumia dawa hiyo walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 69 wa kupatwa na Alzheimer. Mnamo 2024, utafiti wa Uingereza uliowahusisha wanaume 269,725 ulikadiria tofauti ya asilimia 18 pekee kwa dawa za jamii hiyo. Kati ya tafiti hizo mbili, uchunguzi mwingine wa Marekani wa 2022, uliolinganisha wagonjwa wenye maradhi yanayofanana, haukuona kinga yoyote.

Tofauti hizo kubwa zina maelezo. Rekodi si jaribio. Mwanamume anayeomba dawa ya aina hiyo aghalabu ana afya, ana mwenzi na ana pesa za matibabu kuliko yule asiyeiomba. Huenda ni hali hizo zinazomlinda wala si kidonge. Aidha, mtu ambaye ubongo wake umeanza kudhoofika polepole huenda asifikirie kabisa kuomba dawa hiyo.

Ni kweli kwamba jaribio dogo la Oxford lililochapishwa 2024, lenye watu 75, lilionyesha sildenafili ikiboresha mtiririko wa damu kwa watu wenye madhara ya mishipa midogo ya ubongo. Lakini kama tulivyoona kwa nilvadipini, kuongezeka kwa damu si kurejea kwa kumbukumbu. Na mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti asithubutu kuigusa, kwani zikikutana zinaweza kuangusha shinikizo la damu kiasi cha kuua.

Matumaini hayajafutika kabisa kwa wale waliopatwa na viharusi vidogo. Jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 363, lililotolewa 2023, lilitumia dawa mbili zinazosaidia mishipa kwa pamoja, isosobidi mononaitreti na silostazoli, na likaona dalili za manufaa. Hata hivyo, lengo lake lilikuwa kuonyesha kwamba jaribio kubwa zaidi linawezekana. Hadi jaribio kubwa litakapotoa jibu, hilo ni dokezo la utafiti wala si ruhusa ya kununua.

Funzo kutoka ng'ambo ya mpaka

Utafiti wa karibu zaidi na nyumbani umefanywa Tanzania. Ukitoka Voi kupitia Mwatate hadi Taveta na kuvuka mpaka Holili, unaingia mkoa wa Kilimanjaro. Huko, katika wilaya ya Hai, watafiti wa Tanzania na wa Newcastle walipita kijiji kwa kijiji wakiwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi.

Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalikadiria kwamba asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo walikuwa na dimenshia. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa na Alzheimer, na takriban wanne kati ya kila kumi walikuwa na aina itokanayo na mishipa.

Watafiti hao walikabili tatizo ambalo vipimo vya Ulaya havikulizingatia: wazee wengi hawakusoma shule. Huwezi kumpima kwa kumwambia aandike sentensi. Walibuni kipimo kifupi ambacho mzee huombwa kukumbuka orodha ya maneno, kutaja wanyama wengi awezavyo na kupanga njiti za kiberiti kwa mfano aliouona. Hilo nalo ni funzo kwa anayesoma habari za dawa mpya. Aulize kama waliopimwa walifanana na mzee wake.

Uchunguzi mwingine wa Hai uligundua kuwa karibu asilimia 70 ya wazee wa umri huo walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi hawakuwa wakilijua. Hapo ndipo kisa cha dawa za kupanua mishipa kinapogeuka.

Dawa ya jamii ileile, wakati tofauti

Amlodipini, dawa ya presha inayotumiwa sana katika zahanati na hospitali zetu, hupanua mishipa. Ni ya jamii moja na ile nilvadipini iliyoshindwa. Tofauti iko katika wakati na lengo. Ikitolewa kwa mtu mwenye presha kabla ubongo haujaharibika, huwa inalinda mishipa isipasuke wala kuziba.

Mnamo 1998, jaribio la Ulaya lililowahusisha wazee 2,418 wenye presha lilitumia nitrendipini, dawa nyingine ya jamii hiyo. Waliopewa kidonge kitupu, 21 walipata dimenshia. Waliopewa dawa walikuwa 11. Idadi hiyo ni ndogo, hivyo wataalamu walihitaji ushahidi zaidi. Mnamo 2019, jaribio la Marekani lenye watu 9,361 lilionyesha kuwa kudhibiti presha kwa ukamilifu kulipunguza kwa asilimia 19 hali ya kumbukumbu kudhoofika inayotangulia dimenshia. Kuhusu dimenshia yenyewe, tofauti iliyoonekana haikutosha kuthibitisha.

Ushahidi ulio karibu zaidi na maisha ya Taita Taveta ulitoka mashambani nchini Uchina mnamo 2025. Katika vijiji 326, vyenye karibu watu 34,000 wenye presha, wahudumu wa vijijini wasio madaktari wa hospitali kubwa walifunzwa kupima na kutibu presha kwa kufuata utaratibu rahisi. Baada ya miaka minne, visa vya dimenshia vilikuwa vimepungua kwa asilimia 15 katika vijiji vilivyopata huduma hiyo, vikilinganishwa na vile vilivyopata huduma ya kawaida.

Kenya nayo ilizindua mnamo 2023 mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, na mikoba waliyopewa ina mashine ya kupima presha. Mhudumu anayepanda milima ya Taita akibeba mashine hiyo huenda anaulinda ubongo wa mzee wa kesho kuliko pakiti yoyote inayouzwa kwa jina la dawa ya kumbukumbu.

Familia ifanye nini?

Jambo la kwanza ni kumpeleka mgonjwa hospitalini kabla ya kununua chochote. Baadhi ya hali zinazofanana na dimenshia zinatibika: huzuni kali, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende, virusi vya Ukimwi, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, au hata maambukizi ya njia ya mkojo. Iwapo mzee amechanganyikiwa kwa siku chache tu, hiyo ni dharura.

Pili, beba dawa zote anazotumia. Sinarizini, mathalan, ambayo hutolewa kwa kizunguzungu na pia hupanua mishipa, ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kumletea mzee mtetemeko na ukakamavu wa viungo. Familia hudhani ugonjwa umezidi, kumbe ni kidonge.

Tatu, anayependekeza dawa aulizwe maswali machache: Mzee ana aina gani ya dimenshia? Dawa ililinganishwa na kidonge kitupu? Ilipima damu au ilipima maisha ya mgonjwa, kama vile uwezo wa kujivika na kutambua jamaa? Ilichukua muda gani? Madhara yake ni yapi? Asiyeweza kujibu asipewe pesa.

Nne, zipo dawa zilizothibitishwa kusaidia kwa kiasi kidogo, kama donepezili na memantini, ambazo daktari anaweza kuzifikiria. Hakuna miongoni mwazo inayoponya.

Tano, lisipuuzwe lisilo dawa. Katika wilaya ileile ya Hai, wazee 34 wenye dimenshia walikutana kwa vikundi vidogo kuzungumza, kuimba, kucheza na kukumbuka mambo ya zamani kwa mpangilio maalumu. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kuwa uwezo wao wa akili na hali yao ya maisha viliimarika. Jambo la aina hiyo linaweza kufanyika chini ya mwembe au katika ukumbi wa kanisa.

Mwisho, mnong'ono wa uchawi ukomeshwe. Katika sehemu mbalimbali za Pwani, wakongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayezurura usiku au anayezungumza peke yake huenda ni mgonjwa. Kumshuku ni kumwongezea hatari kubwa kuliko ndovu na malori.

Kwa yule mstaafu wa Voi, Sh2,000 zake zinaweza kufanya kazi nyingine. Zinaweza kulipia nauli ya hospitali, komeo la lango, kitambulisho cha shingoni chenye nambari ya simu ya mwanawe na sehemu ya chakula chake. Iwapo ana presha, zinaweza pia kusaidia kununua vidonge vyake bila kukatiza. Na yule mwanawe aliyeleta pakiti kutoka Mombasa, ambaye sasa amefikisha miaka 50, afunge safari pamoja na baba yake hadi hospitalini na kunyoosha mkono wake mwenyewe upimwe. Kwa mzee, kupanua mishipa kumechelewa. Kwa mwana, kudhibiti presha bado kuna wakati.